Mabamba Kumi Yaliyoungua

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi kimeniganda tangu mwezi uliopita na hakioni haya. Bado nipo kwenye chumba kilekile cha ghorofa ya tatu, dirisha langu linatazamana na ukuta, na jirani wa juu anaburuza viti kila asubuhi utadhani anahama. Masikio yako je? Fundi cherehani wa mlango wa pili aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi kukuita ni mpaka uguswe bega. Nilikwambia tangu zamani uyazibe ukiwa kwenye mashine ya kung'arishia, ukasema pamba ni ya wagonjwa. Haya, tutaendelea na barua, maana simu kwako sasa ni pambo la mfuko wa shati.

Nije kwenye shida yangu, najua umeshaanza kuruka mistari ukiitafuta. Kazi ya maabara ni ileile ya kupasua maji kwa umeme tupate hidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Unachukua maji yenye potasi kali, unatumbukiza mabamba mawili, unapitisha umeme. Bamba la kwanza linatoa hidrojeni bila maneno mengi. La pili linatoa oksijeni, na hilo ndilo bishi. Linakula umeme mwingi kabla halijaachia hata povu moja, na umeme huo unapotea bure kuwa joto. Mimi natafuta ngozi ya kulivika hilo la pili ili ubishi upungue. Ngozi hiyo tunaiita kichocheo: yenyewe hailiwi, inarahisisha kazi tu. Wengine hutumia madini adimu ya kifahari. Mimi nimewaambia nitatumia nikeli, kwa sababu nimekulia kwenye mvuke wake, karakanani kwako.

Nahitaji mabamba kumi ya ukubwa wa kiganja, umeyapaka nikeli kwa mkono wako, yang'ae kama ule usukani wa baiskeli uliokuwa ukiutundika mlangoni kuvuta wateja. Jaribio linaanza mwanzo wa Machi. Yakichelewa, zamu yangu kwenye mashine atapewa mwingine, na zamu nyingine ni mwakani.

Mama hajambo? Simwandikii yeye kwa sababu alinikataza mwenyewe, na ulikuwepo. Wiki tatu baada ya kumzika baba nilibeba sanduku, akaniambia mlangoni, "Ukienda, usiniandikie mimi." Huu mwaka wa nne, sijamwandikia. Mtoto mtiifu namna gani tena anamtaka.

Mpwa wako

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Kikohozi kimeondoka, nimebaki na sauti ya kondakta aliyestaafu. Kifurushi kimefika jana, siku tatu kabla ya zamu yangu, nashukuru. Lakini ndani hamna barua. Nimekung'uta karatasi zote za kufungia nikidhani imejificha. Tangu nije huku hujawahi kuniletea kitu bila maneno, hata yale mawili ya kunitukana kwa upendo.

Na mabamba yenyewe, hebu niambie ukweli. Nani ameyaunguza? Meusi, yana vinyweleo vya matundu, yanakwaruza kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Hata mtu aliyepita kuuliza njia akashikishwa kazi asingefanya hivi. Niliwaonyesha wenzangu wa maabara tukacheka mpaka bosi wetu akafungua mlango kuuliza kuna nini. Kama aliyefanya ni mtu uliyemwajiri, mwachishe kabla hajakuharibia jina. Kama ni wewe, pumzika, umezeeka.

Nimeyatupa kwenye droo. Nitaanza na yale machache yaliyobaki ya mwaka jana. Nitumie mengine, tafadhali, na safari hii simama mwenyewe kwenye tangi la nikeli.

Mama msalimie, ukiona inafaa.

Mpwa wako

20 Machi

Bi Volti, mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa barua ya pili. Nimezisoma zote siku moja kwa sababu sikuwapo. Usishtuke. Ile ngiri niliyokuwa nikiibana kwa mkanda tangu ukiwa shuleni hatimaye ilinishinda nguvu, wakanilaza wiki tano, maana kidonda nacho kilikuwa na ukaidi wa ukoo wetu. Sasa natembea, polepole, kama bwana harusi. Daktari amenikataza kuinua kitu kizito kuliko birika. Masikio ndiyo hayo. Wodini walinisemesha kwa ishara wakadhani nimezaliwa hivi, nikawaacha wadhani, nikapata uji wa ziada.

Mama yako hajambo. Ndiye aliyeshika karakana nilipokuwa kitandani. Alikaa kaunta kama kawaida yake, akapokea kazi, akawaambia wateja wasubiri.

Kuhusu mabamba, yaliungua, ni kweli. Kosa la karakana ni kosa langu, tuishie hapo. Wewe unajua sheria yangu: umeme wa nikeli unabembelezwa. Unaufungua kidogo, unangoja, unafungua kidogo tena. Ukifungua kwa pupa, mapovu yanachemka juu ya bamba na nikeli inajishikiza ovyo, nyeusi, ndiyo hayo uliyoyaona. Nilipotoka hospitalini nilimwaga maji yote ya tangi nikachanganya mapya, niliona karaha hata kuyatazama.

Ila nakwambia jambo moja na usiniulize zaidi. Barua yako ya pili ilifunguliwa hapa kabla haijaletwa wodini. Maneno yako yalifika yalikofika. Siku nyingine, ukitaka kucheka kazi ya mtu, kwanza jua amesimama saa ngapi kuifanya.

Mabamba mapya nitayaanza nikiruhusiwa kuinua ndoo.

Mjomba wako

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa ngiri. Umenificha wiki tano nzima. Ningejua ningepanga kuja, au angalau ningekuwa na wasiwasi kama mtu wa familia. Nisamehe kwa maneno yangu. Sikujua ulikuwa kitandani. Huyo uliyempa kazi mwombe radhi kwa niaba yangu, ingawa hunitajii ni nani, na mimi sijui kwa nini.

Sasa kaa chini. Umekaa?

Wiki iliyopita nilikuwa nakagua nyaya za mashine na sikutaka kuchafua bamba zuri kwa kazi ya ukaguzi. Nikafungua droo nikachukua mojawapo ya yale yaliyoungua. Nikalitumbukiza, nikawasha, nikaenda kuosha vyombo. Nikarudi nikadhani kipimo kimeharibika. Nikabadilisha kipimo. Nikabadilisha maji. Namba ileile. Mabamba yako yanayong'aa huhitaji volti moja nukta saba nane kutoa mapovu ninayoyataka. Hili lililoungua lilihitaji moja nukta tano mbili. Robo ya volti, Mjomba. Watu hapa wanatafuta robo hiyo kwa miaka kumi na kwa madini ya kifahari, sisi tumeipata kwenye droo ya takataka. Nimejaribu yote yaliyobaki, yote kumi ni hivyohivyo.

Yale matundu niliyoyacheka ndiyo yanayofanya kazi. Kila tundu ni mahali pa maji kushika. Na tumeyapima tukakuta chuma kidogo ndani ya nikeli, kimechanganyika vizuri kupita kiasi. Chuma kimetoka wapi? Nikikitia mimi mwenyewe kinabanduka baada ya siku mbili. Chenu kimeng'ang'ania.

Tatizo ni kwamba sasa nimeyakata karibu yote vipande vya kupimia. Bosi anataka jaribio la saa elfu moja, mfululizo, kabla ya kuwaita watu wa kiwanda. Nahitaji mabamba ishirini yaliyofanywa vilevile, na yule yule, na nahitaji kujua alivyofanya, hatua kwa hatua.

Na mwambie mama. Mwambie karakana yenu imefanya jambo ambalo maabara hii nzima haijalifanya. Mwambie hata kama atageuza uso.

Mpwa wako

9 Mei

Bi Volti,

Marahaba. Hongera, nimeisoma barua yako mara tatu. Hapa mvua imetubomolea kona ya paa, nimeiziba kwa bati la zamani. Fundi cherehani amenunua redio mpya, anasema ina sauti nzuri, mimi nakubali kwa heshima. Mama yako hajambo, ila anapumzika kidogo, mgongo. Kaunta nimemwachia fundi cherehani aitupie jicho.

Kuhusu chuma, hapo umenikanyaga. Miaka thelathini na nane sijawahi kuingiza chuma kwenye tangi la nikeli. Chuma humo ni kinyesi kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Ndoano zangu za kutundikia ni za shaba, wewe mwenyewe ulizihesabu ukiwa mdogo. Labda mashine yenu ya kupimia imelewa.

Nimekutumia mabamba sita. Nimefungua umeme zaidi ya kawaida yangu. Mkono ulikataa, nikaulazimisha, nikafika robo tatu ya swichi nikaona inatosha. Yametoka meusi pembeni. Mtu aliingia kuleta mabomba yake, nikayafunika mabamba kwa gunia asiyaone.

Uliyetaka kujua ni nani, mwache. Kazi ya mkono haina karatasi. Nitaipata mwenyewe, mimi ndiye fundi hapa.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hapa joto limeanza, maabara imekuwa tanuri, na mimi sina habari za kuchekesha.

Mabamba sita hayafai. Yana matundu machache na hayana chuma hata chembe. Yanafanya vizuri kidogo kuliko yanayong'aa, basi. Nimeomba yule yule aliyefanya kwanza. Umenijibu kwamba wewe ndiye fundi. Nani amebisha? Miezi miwili sasa nakuuliza swali moja na wewe unanipa hesabu ya miaka uliyofanya kazi. Watu wa kiwanda wamesema watakuja mwishoni mwa Septemba. Bila mabamba sina cha kuwaonyesha ila picha.

Nimebakiwa na moja zima. Sithubutu kulikata.

Na kuna jingine hukulijibu. Nilikuomba umwambie mama. Ulimwambia? Alisema nini? Kama alisema neno baya niandikie hilohilo neno baya. Miaka minne nimesoma "mama yako hajambo" kwenye kila barua yako, nimeichoka sentensi hiyo.

Unanificha nini, Mjomba?

Mpwa wako

24 Juni

Bi Volti,

Marahaba. Nipe muda. Mama yako ana homa za hapa na pale, natoka natoka kwenda kumwona na karakana nimeifunga siku kadhaa. Hayo ya mabamba na hayo mengine tutayaongea. Usikasirike na mzee.

Mjomba wako

19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, najua hujanisalimu, nimeitikia tu. Simu ya fundi cherehani ilikufikia kabla ya barua hii. Alinieleza kwa kuandika kwenye karatasi kwamba uliuliza kama mama yako amekwisha kuzikwa, na kwamba ulipoambiwa ni kesho yake asubuhi ulisema usingefika hata ukiruka. Ilibidi iwe hivyo. Wako waliokuja wengi, kaburi lake liko kando ya baba yako.

Ulikuwa uvimbe, tumboni. Aliujua tangu Novemba, mimi nilijua Aprili. Akanikataza kukwambia. Akasema, "Asiache kazi yake kwa ajili yangu, nilishajaribu kumwachisha mara moja akakataa, vizuri alikataa." Maneno hayo ni yake, sijaongeza. Mimi ni mdogo wake, amenibeba mgongoni, sijawahi kumvunjia neno. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili nitakaloandika sasa, na nimelichana mara nne.

Mabamba kumi aliyafanya mama yako.

Barua yako ya Januari ilifika nimelazwa. Akaifungua, akaona tarehe, akaona zamu yako itapewa mwingine. Yeye ambaye tangu tufungue karakana hajawahi kutia hata kidole kwenye tangi, ambaye akipita mvuke hujifunika pua kwa kanga, alivaa aproni yangu akafanya. Akayafunga, akayapeleka posta mwenyewe. Barua hakutia. Nadhani hakujua aanze na neno gani.

Nilipotoka nikayaona mabaki kwenye tangi nikamuuliza, akanieleza. Nikamgombeza. Nilimwambia, "Dada, umeniaibisha mbele ya wasomi." Alikuwa keshaisoma ile barua yako ya Februari. Yeye ndiye aliyeniletea wodini, akaiweka kitandani akasema, "Barua ya mwanao hiyo," akatoka. Hakuingia tena kwenye chumba cha tangi.

Kisha ikaja barua yako ya Aprili. Ile ya robo ya volti. Ile ya "mwambie mama."

Sikumwambia.

Niliiweka mfuko wa shati. Kila siku nilisema kesho. Nilitaka kwanza niyafanye mimi, nikuletee ishirini yanayofanya kazi, halafu nimwambie kwamba yake yalikuwa mazuri na yangu pia mazuri. Miaka thelathini na nane nimejulikana kwa kung'arisha, halafu mtu wa kaunta anaunguza nikeli mara moja na dunia inamtafuta. Nilimwonea wivu dada yangu. Sina neno jingine, nimelitafuta. Aprili ikaisha, Mei ikaisha, nami nimekaa na barua yako mfukoni huku yeye anaamini alikuharibia kazi.

Mara moja, Juni, aliniuliza, "Yule mtoto alipata mabamba mengine?" Nikamjibu amepata. Akasema vizuri.

Tarehe saba mwezi huu nilikwenda hospitalini kwake na barua. Nilikaa kwenye kiti, nikamsomea yote, kwa sauti, maana mimi sijui tena sauti yangu ni ndogo au kubwa. Walikuwa wamempa dawa za maumivu, macho yamefumba. Nilipofika pale uliposema mwambie hata kama atageuza uso, midomo yake ilisogea. Siku zote akiongea nami hunitazama usoni ili nione maneno. Siku hiyo alikuwa amelalia upande wa ukuta. Nikasimama nikainama, nikazunguka kitanda, midomo ikawa imetulia. Muuguzi alikuwa ametoka kufuata shuka. Hakuna aliyesikia. Kesho yake alfajiri akafariki.

Sijui kama alikuwa ananijibu au anaomba maji. Mpwa wangu, sijui, na sitajua.

Baada ya watu kuondoka nilifungua droo ya kaunta kutafuta kitambulisho chake. Unalijua daftari lake la kazi, lile ambalo hakuna kitu kilichotoka karakana bila kuandikwa humo, na mteja akichukua kazi yake anatia sahihi. Mimi sikuwahi kulifungua, lilikuwa lake. Humo nikakuta ukurasa wa tarehe kumi Februari. Nimeuchana, upo ndani ya bahasha hii, lakini nakuandikia pia usije ukapotea:

"Mteja: Mwanangu. Kazi: mabamba 10, nikeli. Ndoano za shaba sikuziona, nimetumia waya wa kufungia nondo. Swichi mpaka mwisho tangu mwanzo, posta inafunga saa kumi. Kila bamba dakika ishirini. Maelezo: yameungua kidogo lakini ni mazito, hayatamwishia upesi. Sahihi ya mteja:"

Waya wenyewe alikuwa ameuficha nyuma ya droo, vipande kumi, ncha zimeliwa na maji ya tangi zikabaki kama sindano. Alijua chuma hakitakiwi. Chuma chako ndicho hicho. Karatasi ilikuwa hatua nane kutoka tangini siku zote ulizokuwa unaniuliza. Ningemwambia habari zako, angenitajia waya kwa kinywa chake.

Shaba nilikuwa nimezifungia kabatini kabla sijalazwa, zisiibiwe.

Sikuombi kitu.

Mjomba wako

6 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Paa limetengenezwa? Nauliza kwa sababu sijui nianzie wapi, na barua lazima ianzie mahali.

Barua yako ilinifikia tarehe nane Agosti. Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya na wewe ungekisoma peke yako. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kuna siku nilikuwa nakata tikiti ya kuja kukwambia usoni, ambapo ungeona midomo yangu vizuri. Nikaiacha. Barua ya Aprili uliizuia wewe. Lakini ya Februari niliiandika mimi, nikacheka nikiiandika, na hiyo ndiyo iliyomfikia. Nikikupima wewe kwa kosa lako sina pa kujificha na la kwangu. Kwa hiyo sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuandikia. Wewe endelea kula, fundi cherehani anasema unakaa na njaa.

Nilifanya kama ukurasa unavyosema. Nilitafuta waya wa kufungia nondo kwenye jengo linalojengwa mtaa wa nyuma, nyapara akanipa vipande bila kuuliza. Mara ya kwanza nilifika nusu ya swichi mkono wangu ukasimama. Ni mkono wako huo, ulinifundisha. Mara ya pili nikafungua mpaka mwisho kwa mpigo mmoja, nikasogea nyuma. Tangi lilichemka kama linapiga kelele. Dakika ishirini kila bamba, kumi, ni saa tatu na zaidi, wima. Nilichoka miguu na mimi ni mzima. Yeye alikuwa na ule uvimbe tumboni.

Yametoka meusi. Yamefanya kazi. Saa elfu moja zimetimia juzi saa nne asubuhi, na namba imesogea kidogo tu, kiasi kwamba bosi alivua miwani. Watu wa kiwanda, ambao walikubali kusubiri wiki moja zaidi, walikuwepo. Mmoja aliuliza ni mtaalamu gani aliyebuni njia hii ya waya na umeme wote kwa mpigo. Nikasema ni mama yangu, alikuwa akikaa kaunta. Wakacheka kidogo kwa adabu, wakadhani natania, kisha wakaendelea na mashine. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi mpaka mfagizi akaniomba nisogee.

Wameomba ukurasa wenyewe kwa ajili ya faili. Nimewapa nakala. Wa asili unao mwandiko wake, na katika miaka minne ndiyo karatasi pekee aliyoiandika akinifikiria mimi, kwa hiyo ninauhesabu kuwa ni barua. Nimeuweka mezani tangu Agosti. Kila nikikaa kuandika namwona ameandika "Mwanangu" bila kukwaruza wala kurudia, kana kwamba alikuwa akiliandika kila siku.

Pale chini palipoandikwa sahihi ya mteja palikuwa wazi. Jana nimetia sahihi, na tarehe, kwamba nimepokea.

Mpwa wako